Mzimu Huu au Mzimu Huyu? Sarufi ya Hofu na Deni la Wafu katika Riwaya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kwa nini hadithi za kutisha zinazochota katika imani za jadi zinaendelea kuwavutia wasomaji ambao wengi wao hawazishiki tena imani hizo. Riwaya mbili, Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla na Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, zinasomwa sambamba na utanzu wa gothiki wa Ulaya na tawi lake la tisho la kijadi. Inadaiwa kwamba mvuto huo hautokani na mabaki ya imani pekee, bali na swali la mirathi na deni ambalo mzimu hulihifadhi bila kumtaja mdaiwa. Ushahidi wa kisarufi, hasa upatanisho wa nomino zinazotaja viumbe vya kutisha, unatumiwa kuonyesha tofauti kati ya hofu inayofikirisha na hofu inayoshitaki.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuyapokea mambo ya kutisha kwa njia mbili. Njia ya kwanza huyaita ushirikina, na humsifu mwandishi kwa kadiri anavyoufichua na kuukemea. Njia ya pili, iliyopata nguvu baada ya kuchapishwa kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, huyaita uhalisiajabu, na huyasoma kama mbinu ya kuvunja kanuni za uhalisia. Kila njia imezaa tafiti zenye manufaa. Hata hivyo, zote mbili hulipita jambo moja bila kulisalimu, nalo ni hofu yenyewe. Anayesoma kwa njia ya kwanza huiona hofu kuwa ujinga utakaoondoka kwa elimu. Anayesoma kwa njia ya pili huiona kuwa pambo la falsafa. Riwaya ambazo hofu ndiyo injini yake, zikiwamo za Bwana Msa, zimeishia kuwekwa katika kapu la riwaya pendwa na kuachwa humo.

Swali linalobaki ni hili: kwa nini msomaji wa mjini, mwenye shahada, asiyepeleka ubani mzimuni wala kuvaa hirizi, bado hutaka kusomewa habari za mzimu? Jibu jepesi ni kwamba bado anaamini kidogo. Sigmund Freud, katika insha yake ya 1919 kuhusu hali ya kutisha inayozaliwa na vitu tuvijuavyo, alitoa jibu linalokaribiana na hilo: imani tulizodhani tumezishinda hurudi pale tukio linapoonekana kuzithibitisha. Jibu hilo linaeleza mtetemo wa mara moja. Halielezi kwa nini hadithi hizi, huku na kule, hurudia mambo yaleyale machache: nyumba kubwa, shamba, kaburi, wosia, babu na mjukuu. Mrudio huo ndio unaohitaji maelezo.

2.0 Gothiki kama Hadithi ya Mirathi

Utanzu wa gothiki kwa kawaida huhesabiwa kuanza na The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka Desemba 1764, na ambayo katika toleo lake la pili la 1765 ilipewa neno la "gothiki" katika kichwa chake kidogo. Wasomaji hukumbuka kofia kubwa ya chuma inayoanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi. Ni rahisi kusahau kwamba chini ya maajabu hayo kuna kesi ya mali. Manfred anatawala ngome isiyo yake; babu yake alimtilia sumu mmiliki halali na kughushi wosia. Kila ajabu linalotokea ni hatua katika kurudishwa kwa mali kwa mwenyewe. Mzimu wa Otranto, kwa maneno mengine, ni mdai.

Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho (1794), aliyaacha maajabu yatishe kisha akayapatia maelezo ya kawaida mwishoni. Kutoka hapo hadi riwaya ya upelelezi ni hatua fupi. Arthur Conan Doyle aliipiga hatua hiyo katika The Hound of the Baskervilles, iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1901 na 1902: mbwa wa kuzimu wa ukoo wa Baskerville anageuka kuwa mbwa wa kawaida aliyefugwa na mtu anayeuvizia urithi. Ajabu linaondoka, mirathi inabaki.

Tawi la karibuni zaidi, ambalo hapa litaitwa tisho la kijadi, lilipata umaarufu wa jina lake kuanzia mwaka 2010 kupitia kipindi cha televisheni cha BBC, ingawa filamu inayotajwa mara nyingi kuwa kielelezo chake, The Wicker Man, ni ya 1973. Adam Scovell (2017) amependekeza mnyororo wa sifa nne: mandhari yenye nguvu, jamii iliyotengwa, imani iliyopotoka, na tukio la kilele ambalo mara nyingi ni kafara. Mnyororo huu una sharti ambalo halisemwi waziwazi. Imani "iliyopotoka" lazima ipotoke machoni pa mtu fulani, na mtu huyo ni mgeni. Katika The Wicker Man ni askari kutoka bara anayefika kisiwani. Macho yake ndiyo macho ya mtazamaji. Tisho la kijadi la Ulaya, kwa hiyo, ni hofu ya mtu wa mjini kwa watu wa shamba ambao hawajui na hawamjui.

Sharti hilo ndilo linaloyumba linapoletwa katika Kiswahili. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inaweka kitisho mahali pengine kabisa. Zimwi la kuogopwa humu halitoki mbali. Linakujua, na kwa sababu linakujua litakula likibakisha. Methali hutumiwa kufariji, lakini faraja yake ni ya uchungu: mwenye kukujua atakula, na wewe utaendelea kuishi naye.

3.0 Ngeli za Hofu

Lugha yenyewe imekwisha kuyapanga mambo haya. Kanuni inayojulikana ya Kiswahili ni kwamba nomino ya kiumbe chenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA bila kujali umbo lake: kiboko huyu, viboko hawa. Nomino mtume, ambayo wingi wake ni mitume na kwa umbo ni ya M-MI, haiachi kanuni hiyo: mtume huyu, mitume hawa. Nomino mzimu ina umbo lilelile, mzimu na mizimu, lakini upatanisho wake wa kawaida ni wa U-I: mzimu huu, mizimu hii, mizimu imekasirika. Mzimu hukasirika, hudai, husikia na huadhibu, na bado sarufi huuweka pamoja na mti, mlima na mto.

Mzizi wa neno hili ni wa kale na umeenea katika lugha za Kibantu. Kiganda kina omuzimu, ambalo wingi wake, emizimu, nao uko katika ngeli ya miti. Kinyarwanda kina umuzimu, lakini wingi wake ni abazimu, yaani katika ngeli ya watu. Kitswana kina modimo kwa maana ya Mungu na badimo kwa maana ya wahenga. Kizulu kina izimu, dubwana mla watu, ndugu wa zimwi la Kiswahili. Lugha hizi zimerithi mzizi mmoja na kuugawa kati ya watu na vitu kwa namna tofauti. Ndani ya Kiswahili chenyewe mzizi huohuo unaonekana katika kuzimu, ambako ni mahali, na katika wazimu, ambao ni hali: wazimu umempanda, husemwa, kama vile pepo amempanda, isipokuwa pepo huchukua A na wazimu huchukua U.

Mzimu, basi, unasimama njia panda. Ni mahali panapopelekwa sadaka, mti mkubwa, pango au gofu. Na ni roho inayokaa mahali hapo. Upatanisho wa U-I unaifanya maana ya mahali isifutike hata pale maana ya roho inapotawala. Wapo wasemaji wanaosema mzimu huyu, hasa wanapousimulia kama mhusika anayetembea na kuzungumza. Uhuru huo wa kuchagua kati ya huu na huyu si kosa la kusahihishwa haraka. Ni chombo cha usimulizi, maana msemaji anapochagua huyu amempa mzimu uso, na anapobaki na huu ameuacha ukiwa nguvu isiyo na uso. Tofauti hii itakuwa na uzito zaidi katika sehemu ya sita.

4.0 Mzimu Usio na Mwenyewe

Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika shindano la hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Ilimtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko ambaye nasaba yake ya kifasihi, kama wahakiki wengi walivyoonyesha, inafika kwa Sherlock Holmes. Mauaji yanahusishwa na mahali ambapo wenyeji hupaogopa na kupaheshimu. Bwana Msa anakataa kumtwisha mzimu lawama, na kwa kutumia akili anamtafuta mkosaji miongoni mwa binadamu.

Kwa msomaji wa njia ya kwanza, riwaya hii ni ushindi wa akili juu ya ushirikina, na mjadala unaishia hapo. Usomaji huo ni sahihi kwa kadiri ya mwenendo wa visa. Hautoshi kwa kadiri ya athari. Kama kazi ya riwaya ingekuwa kuuondoa mzimu tu, kichwa chake kingepoteza nguvu msomaji anapofika ukurasa wa mwisho, na asingekuwa na sababu ya kuirudia. Nguvu hiyo haipotei, na sababu inaonekana katika kichwa chenyewe. Kiunganifu cha -a kinatumika mara mbili, na kila mara kinaacha swali. Mzimu wa watu wa kale ni roho zao au ni mahali pao? Na watu wa kale ni nani? Hawana jina, kabila wala tarehe. Wanatajwa kama wamiliki, lakini umiliki wao ni wa watu wasioweza kufika mahakamani.

Swali la nani mwenye mahali halikuwa la kinadharia katika Zanzibar ya 1960. Ardhi yenye mashamba ya mikarafuu iliyopandwa katika karne ya 19 ilikuwa na tabaka za historia: waliokuwapo kabla ya mikarafuu, watumwa walioihudumia hadi amri ya kukomesha utumwa ya 1897, wenye mashamba, na maskwota waliolima kati ya miti isiyo yao. Miaka minne baada ya riwaya kutoka, Mapinduzi ya 1964 yalilijibu swali hilo kwa nguvu, na baadaye ardhi ikagawiwa kwa vipande vya eka tatu tatu. Haidaiwi hapa kwamba Abdulla alitabiri lolote. Kinachodaiwa ni kwamba riwaya iliyoweka mahali pa watu wasio na jina katikati ya mandhari ya shamba, kisha ikamwita mpelelezi, ilikuwa imeigusa sehemu yenye maumivu. Mpelelezi anaweza kumtaja muuaji. Hawezi kusema watu wa kale walikuwa na haki gani. Kesi ya jinai inafungwa huku kesi ya mirathi ikibaki wazi, na ni hii ya pili inayomfanya msomaji ageuke nyuma.

Hapa tofauti na tisho la kijadi la Ulaya inajitokeza waziwazi. Bwana Msa naye ni mtu wa mjini anayefika shamba. Hata hivyo, hafiki kama askari wa The Wicker Man. Anazungumza lugha ya wenyeji kwa mizaha yake yote, anajua adabu za kubisha hodi na kupokea kahawa, na hana sababu ya kuwaogopa wanaouheshimu mzimu. Imani yao haimuui mtu. Hatari imo katika binadamu anayeweza kujificha nyuma ya imani hiyo. Abdulla aliirithi mbinu ya Radcliffe na Conan Doyle bila kuirithi dharau inayoweza kufuatana nayo.

5.0 Babu na Kishazi Kisichokamilika

Miongo minne baadaye Said Ahmed Mohamed aliligeuza jambo hili. Katika Babu Alipofufuka hakuna mpelelezi wala maelezo ya mwisho. K, mtu mwenye mali na cheo katika nchi iliyopata uhuru wake na kuupoteza kwa njia nyingine, anajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, naye analazimika kuitazama nchi na watu aliowasahau. Riwaya haimruhusu msomaji kuamua kwa uhakika kama Babu ni mzuka, ndoto au dhamiri. Tzvetan Todorov (1970) angeiita hali hiyo ya kusitasita kuwa ndiyo kiini cha fantasia.

Kichwa cha riwaya kinastahili kuchunguzwa kisarufi. Kwanza, kitenzi ni fufuka, si fufuliwa. Katika fufuliwa pangekuwa na mtendaji aliyefichwa: mganga, mchawi, au Mungu. Fufuka haina mtendaji; Babu ameinuka kwa sababu hali yenyewe imemwinua. Pili, kiambishi -po- kinakifanya kichwa kizima kuwa kishazi tegemezi. Babu alipofufuka, kisha nini? Kishazi kikuu hakipo kwenye jalada, na msomaji anaifungua riwaya akiwa na deni la sentensi isiyomalizika. Tatu, wahusika wawili wakuu hawana majina kamili. Mmoja ni herufi moja, ambayo kwa wasomaji wengi inaleta mwangwi wa Kafka. Mwingine ni neno la ukoo. Neno babu haliwezi kusimama peke yake. Ni lazima awe babu wa fulani. Kila mara Babu anapotajwa, K anatajwa pia kwa kificho, kama mjukuu.

Ulinganisho na Otranto unaangaza jambo ambalo halionekani kila riwaya inaposomwa peke yake. Katika Walpole, babu alitenda dhambi na mjukuu analipa, deni linateremka. Katika Mohamed, mjukuu ndiye aliyetenda dhambi na babu ndiye anayekosa usingizi, deni linapanda. Wafu hawawatesi walio hai kwa sababu ya makosa ya kale. Wanainuka kwa sababu walio hai wametumia vibaya kile walichoachiwa. Dawa ya deni ni kulipa, husema Waswahili, lakini K amekwisha kuuza kila ambacho angelipia. Hofu ya riwaya inatokea hapo: mbele ya mdai asiyeweza kuhongwa, kwa kuwa hana anachokitaka kwa ajili yake mwenyewe.

Kwa hiyo Babu Alipofufuka haiachani na Mzimu wa Watu wa Kale kama inavyodhaniwa pale moja inapoitwa pendwa na nyingine ya kimajaribio. Zote mbili zinauliza walio hai wameshika mali ya nani. Ya kwanza inauliza kuhusu shamba, na mdai wake ni mahali: mzimu huu. Ya pili inauliza kuhusu dola, na mdai wake ni jamaa: babu huyu.

6.0 Hofu Inapopata Mtuhumiwa

Pingamizi moja zito haliwezi kupuuzwa. Katika Tanzania hofu ya mambo ya giza haiishii vitabuni. Wanawake wazee wameuawa, hasa katika maeneo ya Usukuma, kwa kutuhumiwa uchawi, na wakati mwingine wekundu wa macho yao, uliotokana na moshi wa miaka mingi jikoni, umehesabiwa kuwa ushahidi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Sheria ya uchawi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928 ingali na mrithi wake katika vitabu vya sheria. Je, ni halali kusifu fasihi ya kutisha mahali ambapo hofu huua?

Jibu linahitaji kutofautisha, na sarufi inasaidia. Nomino mchawi iko katika ngeli ya watu bila utata wowote. Ina jina, nyumba na jirani. Kusema kuna mchawi ni kuanza kumtafuta. Kusema kuna mzimu ni kuanza kujiuliza. Hofu ya uchawi hutafuta mtuhumiwa nje ya nafsi ya anayeogopa. Hofu ya mzimu, kama ilivyochorwa katika riwaya hizi, humrudia mwenyewe na kumuuliza anadaiwa nini.

Historia ya neno mumiani inaonyesha jinsi mpaka huo unavyoweza kuvukwa. Neno hili lenye asili ya Kiajemi lilitaja kitu, dawa nyeusi mfano wa utomvu. Katika uvumi wa zama za ukoloni dawa hiyo ilisemwa kuwa imetengenezwa kwa damu ya binadamu, na hatimaye mumiani akawa mtu anayeinyonya: mumiani hii ikageuka mumiani huyu. Luise White (2000) ameonyesha kwamba uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki na ya Kati, ambao mara nyingi waliitwa wazimamoto, ulikuwa njia ya watu kuzungumza juu ya mamlaka ya kikoloni iliyoishika miili yao kupitia kazi, magari na hospitali. Uvumi huo ulibeba ukweli wa kijamii, lakini pia ulikuwa na uwezo wa kumwangukia yeyote aliyepita njiani na gari usiku. Mabadiliko ya kiwakilishi, kutoka hii kwenda huyu, ndiyo yanayoashiria mahali ambapo maswali yanakoma na tuhuma zinaanza.

Riwaya nzuri ya kutisha huuchelewesha mpito huo. Abdulla anauchelewesha kwa upelelezi: hakuna atakayetuhumiwa bila ushahidi, na tetesi hazihesabiwi kuwa ushahidi. Mohamed anauchelewesha kwa kumfanya mdai awe babu, ambaye hawezi kufukuzwa kijijini. Kwa maana hii uhakiki unaoitupa hofu yote pamoja na ushirikina unapoteza kinga iliyomo ndani ya fasihi yenyewe. Vilevile, uhakiki unaoukumbatia mnyororo wa Scovell bila marekebisho unajiweka katika hatari ya kuwafanya wanakijiji wa Kiswahili kuwa kitisho, yaani kurudia kwa lugha ya nadharia kile ambacho tuhuma hufanya kwa mapanga.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba hadithi za kutisha hudumu kwa kuwa zinahifadhi swali la mirathi ambalo sheria, historia na siasa hulifunga mapema. Katika gothiki ya Ulaya swali hilo huteremka kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Katika tisho la kijadi huonekana kwa macho ya mgeni. Katika riwaya mbili za Kiswahili zilizochunguzwa swali linapanda kutoka kwa walio hai hadi kwa wafu, na anayeulizwa hana ugeni wa kujificha nyuma yake. Lugha imeshiriki katika kazi hiyo kwa kuuacha mzimu kati ya kitu na mtu, kati ya mahali na roho.

Matokeo haya yana maana kwa ufundishaji. Mgawanyo wa riwaya pendwa na riwaya dhati, unaomweka Bwana Msa upande mmoja na K upande mwingine, unaificha nasaba iliyo wazi kati yao. Panahitajika istilahi ya Kiswahili ya hofu ya kifasihi itakayotenganisha kutisha na kushitaki, pamoja na utafiti wa upatanisho wa nomino za viumbe vya kutisha katika matini nyingi zaidi, za simulizi na za maandishi, kutoka Pemba hadi Usukuma. Utafiti huo utaonyesha ni wapi wasimulizi husema huu, ni wapi husema huyu, na nani hulipia gharama ya mabadiliko hayo.